Waliitikia Amina

Tarehe 3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, mgongo umekuachia kidogo, na cherehani haijaanza tena ukorofi wake wa kukata uzi. Ukiniuliza sisi huku, mtu huandika tu "hatujambo" na kuendelea. Nimeliandika neno hilo, nikalitazama, nikalifuta.

Mama, mtoto hatunaye. Amezaliwa akiwa ameshakufa.

Nilikuwa kazini, asubuhi, nakanda unga kama kawaida, nikahisi tumbo limekuwa kimya. Unajua nilivyokuwa nakuandikia kwamba huyu mtoto hatulii, nikianza kukanda naye anakanda. Siku hiyo kimya. Nikamwambia msimamizi wetu wa tanuri, "Leo amelala sana huyu." Akanikalisha juu ya gunia, akanipa chai yenye sukari nyingi. Nikanywa, nikawa nagonga tumbo kwa kidole kama mtu anayebisha hodi. Hakuna aliyeitikia.

Hospitali muuguzi aliweka kile kifaa, akakisogeza, akakisogeza tena, halafu akatoka kwenda kumwita daktari. Alivyotoka bila kuniangalia usoni, nikajua.

Nimezaa hivyo hivyo. Uchungu ni ule ule, mama. Sikulijua hilo. Nilidhani labda wangenipunguzia.

Wamenilaza wodi moja na wenye watoto, maana vitanda vimejaa. Mtoto wa mwenzangu akilia, maziwa yananitoka yenyewe, gauni linalowa kifuani. Mume wangu, Fundi, amekwenda kuzika na ndugu zake wawili. Mimi sikuweza kusimama. Aliporudi alikuwa na udongo kwenye viatu, akakaa pembeni ya kitanda, akaanza kutengeneza swichi ya taa ya ukutani iliyolegea. Hakuna aliyemwomba. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi.

Najua una lako moyoni. Najua hujakanyaga kwetu tangu tulipooana ofisini kwa serikali badala ya kanisani, tena mimi tumbo likiwa limeshaanza kuonekana. Hayo tutayaongea, hata ukitaka kunichapa nitalala chini. Sasa hivi naomba kitu kimoja: njoo. Usilete kitu. Usiseme kitu. Njoo tu ukae.

Najua simu ipo. Ila kwenye simu huwa unanikatiza, na leo nilitaka nimalize.

Mwanao

*

Tarehe 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima kwa neema, mgongo ni ule ule, kaka yako hajambo na anakupa pole nyingi. Pole, mwanangu. Pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nililia. Usije ukadhani sikulia.

Nilikuwa nije. Nguo za kwaya za Pasaka ziko mezani, mikono haijashonwa, na unajua akina mama wa kanisa wakishanikabidhi kitu. Lakini nisikudanganye, si nguo tu. Nimeliomba jambo hili kwa kufunga, na moyo haukunipa ruhusa ya kuja kabla sijakuambia kweli. Nikija nitakukumbatia, na nikikukumbatia sitasema.

Mungu anakurudi, mwanangu. Hakuchukii, angekuchukia angekuacha upotee na vicheko vyako. Mzazi ampendaye mtoto humshikia fimbo. Usijitetee, usiulize kwa nini, usilie kama wasio na tumaini. Jichunguze ulipopotoka, utubu, uubusu mkono uliokupiga. Utamu wake utauona baadaye.

Haya siyasemi kwa ukali. Baba yenu alipokufa na kuniacha na ninyi wadogo, nani alinifariji? Mchungaji aliyekuwepo alinieleza haya haya, nikayameza makavu, bila maji. Ndiyo yaliyonisimamisha. Niliwachapa, niliwalisha, niliwapeleka kanisani mkiwa mmepigwa pasi, na hakuna aliyewahi kuona machozi yangu. Ninakupa chakula nilichokula mimi.

Ninyi mlianza nyumba kwa mlango wa nyuma. Mungu si mlinzi wa kusinzia. Rudini, mbariki ndoa, na huyo fundi wako aache kukaa nyumbani Jumapili na nyaya zake. Mtajaliwa mwingine.

Kunywa uji. Funga tumbo kwa kitambaa, lisiachwe wazi.

Mama yako akupendaye

*

Tarehe 30 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima kwa kipimo cha daktari. Fundi naye yupo. Natumaini nguo za kwaya zilipendeza.

Barua yako imefika. Tumbo nimefunga. Maziwa yamekauka.

Nimekuwa nikitafuta namna ya kukujibu kwa adabu, nimeikosa, kwa hiyo nisamehe. Wewe ulituchapa, ni kweli, na mimi zaidi kwa sababu ya mdomo. Lakini ulimchapa aliyekosa. Nilipovunja ile sahani ya wageni hukumwita mtoto wa jirani ukamchapa yeye mimi nikitazama. Sasa niambie, kama kosa lilikuwa langu, yule alikuwa amefanya nini? Alikuwa hajafika hata mlangoni.

Umesema nisiulize kwa nini. Nimeuliza. Nauliza asubuhi nikisubiri unga uumuke, nauliza nikifua. Sijajibiwa. Afadhali huko nilikonyamaziwa kuliko huku nilikojibiwa.

Kanisani nimekwenda, uniamini usiniamini. Nimekaa kiti cha nyuma. Walipoimba nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nyumbani ndiyo kabisa, chakula kikija nakitazama tu. Basi huyo fundi wa nyaya zake ndiye anayeomba siku hizi. Hajui kuomba, mama. Anaongea na Mungu kama anavyoongea na watu wa shirika la umeme laini ikikatika: "Tunajua mpo, tunaomba mtuangalie na sisi huku." Halafu anasema amina, tunakula. Hiyo ndiyo ibada iliyobaki katika nyumba hii, na imetoka kwa mtu uliyesema, tulipooana, kwamba ametuletea laana.

Nilikuomba usije na kitu. Hukuja, ukatuma fimbo kwa posta.

Sitaandika kwa muda. Usikasirike. Au kasirika.

Binti yako

*

Tarehe 19 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Na mwenzako hajambo? Sisi tuko salama, mvua zimeisha, kaka yako amehamia gereji nyingine yenye bosi mwenye kelele zaidi.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kimya chako nimekisikia, hakihitaji stempu. Mimi sina la kufuta katika niliyoandika. Kweli haioshwi kwa machozi. Lakini mzazi hali chakula kikapita akiwa na mtoto asiyeongea naye. Jana niliandaa sahani yako, nikairudisha kabatini. Kaka yako aliniona akajifanya hajaona.

Niandikie hata mstari. Hata wa kunitukana.

Mama yako

*

Tarehe 2 Oktoba

Mwanangu,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Maneno ni ya mama yako, mkono ni wa Mama Mchungaji, kwa hiyo usishangae mwandiko mzuri.

Nimepatwa na kiharusi. Ilikuwa Jumamosi, nipo kwenye cherehani, nataka kutunga uzi kwenye sindano, uzi ukawa hauingii. Nikajiambia ni macho. Nikatazama mkono, mkono uko pale mezani kama wa mtu mwingine, haunisikii. Nikataka kumwita kaka yako, mdomo ukatoa sauti ya ng'ombe. Niliogopa, mwanangu.

Sasa upande wa kulia wote umelala. Jicho la kulia linajifunga lenyewe. Maneno yamerudi ila yanatoka yamepinda, Mama Mchungaji ananiambia rudia, narudia. Kaka yako ananibeba kwenda msalani kama gunia la viazi, na ananitania njiani ili nisione aibu. Ninaona aibu.

Daktari anasema mguu unaweza kurudi. Kuhusu mkono hakusema kitu.

Akina mama wa kanisa wanakuja kuniombea kila alasiri. Uniombee na wewe, kama bado unaomba.

Sijui niseme nini kingine. Mama Mchungaji anasubiri na kalamu. Basi.

Mama yako

*

Tarehe 11 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Barua imefika. Pole kwa maradhi, na poleni wote mnaouguza. Nimetafuta maneno ya kukufariji, na sikuyapata mazuri kuliko haya:

Mungu anakurudi, mama. Hakuchukii, angekuchukia angekuacha upotee. Mzazi ampendaye mtoto humshikia fimbo. Usijitetee, usiulize kwa nini, usilie kama wasio na tumaini. Jichunguze ulipopotoka, utubu, uubusu mkono uliokupiga. Utamu wake utauona baadaye.

Kunywa uji.

Binti yako

*

Tarehe 24 Novemba

Mwanangu,

Hujambo. Fundi hajambo? Natumaini kazini hakuna joto kali sana.

Huu ni mkono wa kushoto. Mwandiko wa kuku, vumilia. Naandika mistari michache, nachoka, naacha, kesho naendelea. Sikutaka mtu aniandikie hii.

Nikueleze barua yako ilivyofika. Ilikuja alasiri, akina mama wamejaa chumbani, wengine kitandani miguuni pangu. Jicho lilikuwa bado halisomi. Mama Mchungaji akaifungua, akasema, "Haya, tusikie binti anasemaje." Akasoma kwa ile sauti yake ya madhabahuni.

Neno la kwanza tu nililijua. Nilijua la pili litakuwa lipi kabla hajalitamka. Nilitaka kumwambia acha, mdomo ukanikatalia.

Alipomaliza waliitikia amina. Wote, mwanangu. Tena kwa nguvu. Yule mwenye duka la vitambaa akafuta machozi, akasema, "Umelea! Watoto wa siku hizi wana wapi imani ya namna hii?" Mwingine akaomba barua isomwe tena. Ikasomwa tena. Wakaniuliza, "Mama, huitikii?" Nikaitikia. Amina.

Wakaondoka wamefurahi, nikageuzia uso ukutani.

Nilikukasirikia. Nikuambie ukweli, nilikukasirikia hadi kaka yako akaitwa maana nilikataa uji. Nilisema mtoto gani anampiga mama yake aliyelala. Nikasema hivyo mara nyingi, kwa mdomo huu uliopinda. Kisha nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Wewe ulikuwa umelala wapi nilipokuandikia mimi? Ulikuwa na siku ngapi tangu uzae?

Nilisema nilikupa chakula nilichokula. Si kweli kwamba kilinishibisha. Baba yenu alipokufa nilimeza yale maneno kwa sababu nilikuwa na watoto, sikuwa na nafasi ya kutapika. Yakakaa humo humo. Nikadhani kile kilichokauka ndani yangu ndiyo imani.

Sasa wanakuja na kunifariji kila siku. Mmoja anasema Mungu ana makusudi. Mwingine kaniinamia sikioni, "Labda kuna dhambi hujaiungama, mama." Wanasema kwa upendo. Nawasikia, na ni sauti yangu inayosema. Yupo mmoja tu, mkimya, wala simfahamu sana, ni mpangaji wa nyumba ya nyuma. Anakuja, anabeba ndoo, anafua shuka zangu, ananigeuza ubavu, anaenda. Hajawahi kuniambia Mungu anataka nini. Nikimsikia mlangoni, moyo unatulia.

Sikuandikii kukuambia Mungu harudi watu wake. Anarudi. Huu mkono uliolala nimeupokea kuwa wa kunirudi mimi. Sijui kama ndivyo alivyokusudia, hakuniambia, ila nimechagua kuupokea hivyo, na ninamwamini yeye ingawa simpendi kila siku. Asubuhi nyingine namwambia, "Leo umezidi." Naye ananivumilia. Lakini hili ni langu, limetoka kinywani mwangu kuhusu mwili wangu. Hakuna mtu aliyekuwa na haki ya kuliweka kinywani mwangu, hata wewe, na mimi sikuwa na haki ya kuliweka kinywani mwako. Niliishika fimbo isiyokuwa yangu. Nilimsemea Mungu mahali alipokuwa amenyamaza, na huenda alinyamaza kwa sababu alikuwa analia pamoja nawe. Sijui. Nimeacha kujua mambo mengi.

Nisamehe. Siombi kama mama. Kama mama nimezoea kusamehe mimi.

Mguu umeanza kusikia. Daktari anasema kiharusi cha pili hupenda kufuata cha kwanza, nijitunze. Nguo za kwaya za Krismasi nimezirudisha kwa wenyewe.

Kitu kimoja, nakiuliza kwa hofu. Nimelala hapa nikihesabu wajukuu nilio nao kwa kaka yako, nikafika kwa wako, nikakwama. Sikuwahi kukuuliza. Alikuwa wa kike au wa kiume?

Mama

*

Tarehe 3 Desemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini mguu unaendelea kusikia na unakula. Mimi si mzima sana, nina mafua ya unga, lakini natembea. Fundi anakuamkia. Alisema niandike hivyo, nami sijaongeza chumvi.

Barua yako nimeisoma kazini, nyuma ya tanuri, na mikate ya zamu yangu imeungua yote. Msimamizi alikuja anafoka, akaniona, akachukua koleo akaanza kuitoa mwenyewe.

Barua ile ya Oktoba niliiandika juu ya meza ile ile ya unga. Sikuhitaji kutazama yako, niliijua kwa moyo, koma na nukta. Nilicheka nikibandika stempu. Fundi akaniuliza nacheka nini, nikamsomea. Hakucheka. Akasema, "Basi sasa mmekuwa wawili." Sikumsemesha siku nzima. Nilitaka ikuume, mama, na nilipoambiwa imekuuma sikupata ile raha niliyoiwekea akiba.

Unaniomba nikusamehe. Nimeanza. Nakusamehe kama mtu anayechambua mchele: mawe nayatoa, naona sinia ni safi, halafu nakula na jino linagonga jingine. Litagonga hata nikiwa nimekaa kitandani kwako. Ukiniona nimekunja uso ghafla, ndilo hilo. Niache nilitoe.

Na mimi nisamehe. Nilikupiga umelala.

Kuhusu Mungu sina mengi. Siwezi kusema yale uliyosema wewe kuhusu mkono wako. Labda siku moja nitasema kitu kama hicho, labda sitasema kamwe, na ukinisukuma nitaondoka. Ila sijaondoka kwake. Nimekaa naye kama tulivyokaa wewe na mimi mwaka huu, kila mtu kanuna kwake, na hakuna aliyehama. Jumapili iliyopita walipofika kwenye maombi nilisema neno moja. Nilisema, "Niko." Ndilo lililotoka. Fundi alikuwa pembeni yangu, siku hizi anakuja, anasema taa za pale mbele zimefungwa vibaya.

Naondoka huku Ijumaa. Nimeomba ruhusa mpaka mwaka mpya. Mwambie yule mpangaji wa nyuma shuka nitafua mimi, yeye akae tunywe chai. Pengine nitafika kabla ya barua hii, lakini swali lako nalijibu hapa, kwa maana nikiwa mbele yako sitaweza.

Alikuwa wa kike.

Kichwa chote kilikuwa nywele. Kucha zilikuwa zimekua, zingehitaji kukatwa wiki ile ile. Muuguzi aliyeshindwa kunitazama ndiye aliyemviringisha kanga akanipa nimshike, akavuta pazia, akasema, "Chukua muda wako, mama." Ni mtu wa kwanza kuniita mama. Alikuwa bado ana joto. Nilifurahi kidogo, halafu nikaelewa kwamba lile lilikuwa joto langu.

Alikuwa na kidevu chako. Nilikitazama nikakasirika, nikasema hata hapa umenitangulia.

Jina tulimpa. Fundi alilichagua, na mimi nikalikubali. Sitaki liende kwa posta. Nikifika, watakapokuwa wameondoka wale wa maombi, nitalisema sikioni mwako, upande unaosikia.

Mwanao